NANI ABEBE MZIGO? WAFANYAKAZI NA JUMUIYA ZA MATAIFA WAKATI WA DHIKI



Katika matawi yetu tunaulizwa mara nyingi: Jumuiya inamfaa nini mfanyakazi? Wakuu hukutana, hutia saini, hupigwa picha, na bei ya unga hupanda kama kawaida. Mambo yakiwa mazuri swali hilo huulizwa kwa mzaha. Viwanda vinapofungwa na mashamba yanapopunguza watu, huulizwa kwa hasira.

Swali ni la haki na linastahili kujibiwa. Katika makala hii tutatazama kwanza Ulaya, mahali ambapo jambo hili lilijaribiwa kwa ukali kati ya mwaka 2008 na 2015. Tumechagua Ulaya kwa sababu huko jumuiya ya mataifa imepewa mamlaka makubwa, na kwa sababu huko imani ya wananchi hupimwa mwaka hata mwaka. Tunaweza kuona ilivyoshuka, ilivyopanda tena, na sababu zake. Baada ya hapo tutarudi nyumbani, kwenye yale yaliyotupata Afrika Mashariki mwaka 1977.

CHOMBO KILICHO JUU YA SERIKALI

Kwanza tuelewane. Ziko jumuiya za aina mbili. Katika aina ya kwanza serikali hukutana na kushauriana, na kila moja ikirudi kwake hufanya ipendavyo. Katika aina ya pili serikali huacha sehemu ya mamlaka yao kwa chombo cha pamoja, na chombo hicho kikiamua, wote wanafungwa na uamuzi.

Umoja wa Ulaya ni wa aina hii ya pili. Ulianza kwa Mkataba wa Roma wa mwaka 1957 ukiwa na nchi 6. Leo una nchi 27, baada ya Uingereza kutoka mwaka 2020. Una Kamisheni ambayo ndiyo mtendaji wake, Bunge linalochaguliwa na wananchi wenyewe tangu mwaka 1979, Mahakama na Benki Kuu. Nchi nyingi kati ya hizo zinatumia fedha moja, iitwayo yuro, ambayo noti zake ziliingia mifukoni mwa watu tarehe 1 Januari 2002.

Jambo hili la fedha ndilo mzizi wa habari yetu. Nchi yenye fedha yake ikipatwa na dhiki huweza kuishusha thamani, ili bidhaa zake ziwe rahisi katika nchi za nje. Nchi iliyo ndani ya fedha ya pamoja haina njia hiyo. Kama wenzake hawataki kuisaidia kubeba mzigo, kinachobaki kushushwa ni mshahara.

IMANI ILIVYOPOROMOKA

Kamisheni ya Ulaya huwauliza wananchi wa nchi zote za Umoja kama wanauamini. Uchunguzi huo unaitwa Eurobarometer, nao umekuwapo tangu miaka ya 1970. Mwanzoni mwa mwaka 2007, kabla ya dhiki, watu 57 katika kila 100 walisema wanauamini Umoja. Mwaka 2012 walikuwa wamebaki 31. Huko Ugiriki, nchi iliyoumia kuliko zote, waliosema hivyo hawakufika hata robo ya watu.

Wako waliosema kwamba watu wa Ulaya walichoka kuishi pamoja. Hiyo haikuwa sababu hasa. Uchunguzi ule ule ulionyesha kwamba imani ya wananchi kwa serikali za nchi zao ilikuwa ndogo zaidi. Watu walikasirika na wote walioshika usukani, wa karibu na wa mbali. Ili kuelewa hasira hiyo tutazame mambo yalivyokwenda kazini.

DENI LILIVYOFIKA KWENYE MSHAHARA

Mwezi Septemba 2008 benki kubwa ya Marekani, Lehman Brothers, ilifilisika, na mabenki ya Ulaya yakatikisika. Serikali ziliamua kuyaokoa kwa fedha za umma. Nchini Ireland peke yake serikali ilitia katika mabenki yuro bilioni 64. Deni la wenye benki likawa deni la taifa zima, na mfanyakazi ambaye hakuwahi kukopa akajikuta mdaiwa.

Ugiriki nayo ilikuwa na deni lake. Mwaka 2009 serikali mpya ilitangaza kwamba hesabu za zamani hazikuwa za kweli, na kwamba upungufu katika bajeti ulikuwa mkubwa kuliko ilivyosemwa. Hili hatulifichi. Watawala wa Ugiriki walikuwa na makosa yao, na matajiri wengi wa nchi hiyo hawakuwa wakilipa kodi inavyopasa.

Mwezi Mei 2010 Ugiriki ilipewa mkopo wa yuro bilioni 110. Mwaka 2012 ukaja wa pili, wa bilioni 130. Sehemu kubwa ya fedha hizo ilikwenda kulipa madeni ya zamani na kuyatia mabenki nguvu. Masharti yalisimamiwa na vyombo vitatu: Kamisheni ya Ulaya, Benki Kuu ya Ulaya, na Shirika la Fedha la Kimataifa. Hilo la tatu ni shirika lile lile ambalo nchi zetu zililifahamu vizuri katika miaka ya 1980. Wataalamu wa vyombo hivyo vitatu walikwenda Athens kila baada ya miezi kadhaa, wakakagua vitabu na kusema nini kikatwe. Hakuna hata mmoja wao aliyechaguliwa na Wagiriki.

Sasa tufike kwenye jambo linalotuhusu sisi moja kwa moja. Huko Ugiriki kima cha chini cha mshahara hakikuwa kikiamuliwa na waziri. Kilipatikana kwa mkataba wa nchi nzima, ambao chama cha wafanyakazi na vyama vya waajiri waliujadili na kuutia saini. Kwa lugha yetu tungeuita mkataba wa hali bora wa taifa. Mwezi Februari 2012, kwa kutimiza masharti ya mkopo, serikali iliuweka mkataba huo kando na kushusha kima cha chini kwa asilimia 22, kutoka yuro 751 kwa mwezi hadi 586. Kijana aliye chini ya miaka 25 alikatwa asilimia 32, akabaki na yuro 511.

Waajiri wenyewe walikuwa wametia saini mkataba ule, lakini haukuokoka. Hapa ndipo mfanyakazi wa Kigiriki alipojua kwamba chombo kilicho mbali, ambacho hawezi kukiita mezani wala kukipigia kura, kinaweza kufika hadi kwenye bahasha yake ya mshahara.

Je, dawa hiyo iliponya? Mwaka 2013 watu wasio na kazi huko Ugiriki walizidi asilimia 27. Kati ya vijana waliokuwa wakitafuta kazi, zaidi ya nusu hawakupata. Uchumi wa nchi ulipungua kwa karibu robo. Mwezi Februari 2015 Rais wa Kamisheni ya Ulaya, Jean-Claude Juncker, alikiri hadharani kwamba heshima ya watu wa Ugiriki na Ureno, na mara nyingine Ireland, ilikuwa imevunjwa. Maneno hayo yalikuja mikato ikiwa imekwisha fanyika.

KURA YA JULAI 2015

Tarehe 5 Julai 2015 Wagiriki waliulizwa kwa kura kama wanakubali masharti mapya. Mabenki yalikuwa yamefungwa, na mtu aliruhusiwa kutoa yuro 60 tu kwa siku katika mashine za fedha. Pamoja na hayo, asilimia 61 walisema hapana. Siku nane baadaye serikali yao ilikubali mkopo wa tatu, wa hadi yuro bilioni 86, wenye masharti makali vile vile.

Wakati wote huo wa taabu, wengi wa Wagiriki walipoulizwa walisema wanataka kubaki na yuro. Watu waliokataa masharti hawakutaka kutoka katika nyumba ya pamoja. Mfanyakazi anayegoma hapendi kiwanda kifungwe. Anagoma ili abaki na apate haki yake. Wagiriki walisema jambo kama hilo, na waliowasikiliza walikuwa wachache.

HASIRA INAPOPOTEA NJIA

Dhiki ikikosa mtetezi, humtafuta mnyonge zaidi wa kumwangukia. Mwezi Mei 2012 chama cha wabaguzi kiitwacho Golden Dawn kilipata karibu asilimia 7 ya kura huko Ugiriki. Wafuasi wake walikuwa wakiwapiga wageni mitaani, na mwaka 2020 mahakama ya Athens iliamua kwamba uongozi wake ulikuwa kundi la wahalifu.

Wenzetu wa mashambani wasikie habari ya Manolada. Hapo ni mahali panapolimwa matunda ya stroberi, kusini mwa Ugiriki. Vibarua kutoka Bangladesh walikuwa wameahidiwa yuro 22 kwa siku ya saa 7, na yuro 3 kwa kila saa ya ziada. Walifanya kazi saa 12 chini ya walinzi wenye silaha, na mshahara hawakuupata. Tarehe 17 Aprili 2013 kati ya watu 100 na 150 walimkabili mwajiri kudai malipo ya miezi. Mlinzi mmoja akafyatua bunduki, na watu 30 wakajeruhiwa.

Mahakama ya Ugiriki haikukubali kwamba watu hao walikuwa wametumikishwa kwa nguvu. Basi 42 kati yao wakapeleka shauri lao Strasbourg, kwenye Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu. Mahakama hiyo ni ya Baraza la Ulaya, nayo ni jumuiya nyingine, tofauti na Umoja wa Ulaya. Tarehe 30 Machi 2017 iliamua kwamba Ugiriki ilishindwa kuwalinda na kazi ya kulazimishwa, na kila mmoja alipwe kati ya yuro 12,000 na 16,000.

Tunalitaja shauri hili ili tusiwe watu wa upande mmoja. Katika miaka ile ile ambayo chombo kimoja cha juu kilikata mshahara, chombo kingine cha juu kiliwapa haki vibarua wageni ambao nchi yenyewe iliwanyima. Kwa hiyo kusema kwamba mamlaka iliyo juu ya serikali ni mbaya, au ni nzuri, hakutoshi. Inatupasa kuuliza imewekwa kwa faida ya nani, na mnyonge ana mlango wa kuingilia?

VYAMA VYA WAFANYAKAZI VILIFANYA NINI

Mwanzoni kila chama kilipigana peke yake nchini kwake. Baadhi ya magazeti ya Ujerumani yaliwaambia wasomaji wao kwamba Wagiriki ni wavivu. Yale ya Ugiriki yakawachora Wajerumani kama maaskari wa vita vya zamani. Mfanyakazi akagombana na mfanyakazi, na wenye benki wakapumzika.

Njia nyingine ilionekana mwaka 2012. Nchini Ureno, mwezi Septemba, serikali ilitangaza kwamba makato ya mfanyakazi kwa ajili ya hifadhi ya jamii yatapanda kutoka asilimia 11 hadi 18, na mchango wa mwajiri utashuka kutoka asilimia 23.75 hadi 18. Kwa maneno mengine, fedha zilikuwa zinahamishwa kutoka mfuko wa mfanyakazi kwenda mfuko wa mwajiri. Tarehe 15 Septemba watu walijaa barabarani katika miji mingi ya Ureno. Kabla mwezi haujaisha, serikali iliacha mpango huo.

Tarehe 14 Novemba 2012 Shirikisho la Vyama vya Wafanyakazi la Ulaya liliita siku ya pamoja ya kupinga mikato. Hispania na Ureno ziligoma nchi nzima siku moja. Italia na Ugiriki zilisimamisha kazi kwa saa kadhaa, na katika nchi nyingine yalifanyika maandamano. Mikato haikukoma siku ile. Lakini wafanyakazi walionyesha kwamba kama amri inavuka mipaka, upinzani nao unaweza kuvuka.

MWAKA 2020: DAWA NYINGINE

Mwaka 2020 ugonjwa wa korona ulifunga viwanda vya Ulaya. Mara hii Umoja ulitenda kwa namna nyingine. Ulikopa kwa jina la wote na kuzikopesha nchi wanachama fedha za kulipia mishahara ya watu waliopunguziwa saa za kazi, ili waajiri wasiwafukuze. Mpango huo uliwekewa hadi yuro bilioni 100. Mwezi Julai mwaka huo viongozi walikubaliana pia juu ya mfuko wa yuro bilioni 750, na kati ya hizo bilioni 390 zilikuwa msaada usiorudishwa. Nchi zenye nguvu na nchi dhaifu zilishika deni moja kwa pamoja, jambo ambalo miaka kumi nyuma liliitwa haliwezekani.

Mwezi Oktoba 2022 Umoja ulitoa sheria juu ya kima cha chini cha mshahara. Nchi ambayo mikataba ya pamoja haiwafikii wafanyakazi 80 katika kila 100 inatakiwa kuweka mpango wa kuongeza mikataba hiyo. Linganisha na mwaka 2012, mkataba ulipotupwa.

Na imani ya watu? Mwaka 2024 waliosema wanauamini Umoja walikuwa 49 katika kila 100. Haijafika ilipokuwa mwaka 2007, lakini imetoka mbali. Hatusemi kwamba fedha peke yake zimeleta hayo. Vita ya Ukraine tangu mwaka 2022 nayo imewafanya wengi waone haja ya kuwa pamoja. Lakini ni wazi kwamba jumuiya iliyobeba mzigo pamoja na watu imepata watu wa kuitetea.

NYUMBANI KWETU

Sasa turudi kwetu. Mkataba wa Jumuiya ya Afrika Mashariki ulitiwa saini Kampala tarehe 6 Juni 1967. Kenya, Uganda na Tanzania zilikuwa na reli moja, bandari chini ya shirika moja, posta na simu moja, na ndege moja. Makao ya Reli na Ndege yalikuwa Nairobi, ya Bandari Dar es Salaam, ya Posta na Simu Kampala, na ya Jumuiya yenyewe Arusha.

Dhiki ilipofika nyumba ikapasuka. Baada ya Idi Amin kutwaa serikali ya Uganda mwaka 1971, wakuu watatu hawakuketi tena pamoja. Mwaka 1973 bei ya mafuta ilipaa. Tanzania na Uganda zilinung'unika kwamba faida kubwa inabaki Kenya. Fedha za mashirika zikaanza kuzuiwa zisifike makao makuu. Mwanzoni mwa mwaka 1977 Shirika la Ndege lilikufa, mwezi Februari Tanzania ilifunga mpaka wake na Kenya, na katikati ya mwaka huo Jumuiya yenyewe ikavunjika. Mpaka ulikaa umefungwa hadi Novemba 1983, na mali hazikugawanywa mpaka mapatano ya Mei 1984.

Wananchi hawakupigiwa kura ya kuulizwa walipoingizwa, wala walipotolewa. Wafanyakazi wa reli ile moja, wenye mwajiri mmoja, walikuwa katika vyama vya nchi tatu mbalimbali, na kila chama kilikuwa na serikali yake ya kusikiliza. Walioumia hawakuwa wakuu. Nchini Tanzania wastaafu wa Jumuiya ile walikuwa bado wanadai malipo yao mahakamani na barabarani katika miaka ya 2000.

Mkataba mpya wa Jumuiya, uliotiwa saini Arusha tarehe 30 Novemba 1999, unataja katika utangulizi wake sababu za kuvunjika kwa ile ya kwanza: utashi mdogo wa kisiasa, wananchi na vyama vyao kutoshirikishwa vya kutosha, na faida kugawanywa bila usawa. Ni sababu zile zile tulizoziona Ulaya.

Jumuiya ya leo ina nchi 8: zile tatu za kwanza, pamoja na Rwanda na Burundi zilizoingia mwaka 2007, Sudan Kusini mwaka 2016, Kongo mwaka 2022 na Somalia mwaka 2024. Itifaki ya Soko la Pamoja, iliyoanza kutumika tarehe 1 Julai 2010, inampa mfanyakazi haki ya kwenda kufanya kazi katika nchi mwanachama nyingine. Lakini wabunge wa Bunge la Afrika Mashariki huchaguliwa na mabunge ya nchi, wala si na sisi. Na mwaka 2020, korona ilipoingia, madereva wa malori walikaa siku nyingi kwenye foleni za Malaba na Namanga, huku kila nchi ikikataa vipimo vya jirani yake. Dereva aliyelala chini ya lori lake alijifunza habari za Jumuiya kuliko aliyesoma mkataba.

MAMBO YA KUZUNGUMZA TAWINI

Tunayaomba matawi yajadili maswali manne. Uamuzi wa Jumuiya unapokata au kuongeza pato letu, nani aliupitisha, na nani kati yetu aliulizwa? Dhiki ikija, mzigo unagawanywa vipi kati ya mwenye mali na mfanyakazi, na kati ya nchi yenye nguvu na nchi dhaifu? Mikataba yetu ya hali bora inalindwa, au inaweza kuwekwa kando kwa barua kutoka mbali? Na mnyonge akionewa, mlango wa kuingilia uko wapi?

Juu ya hilo la mwisho wanachama wajue jambo moja. Mkataba wa mwaka 1999 unamruhusu mkazi yeyote wa nchi mwanachama kupeleka shauri katika Mahakama ya Afrika Mashariki, Arusha, kama sheria au kitendo cha serikali kinavunja Mkataba. Muda ni miezi miwili tu tangu jambo lifanyike au ulijue. Vyama vya nchi zetu vina shirikisho lao la Afrika Mashariki, nalo pia lina makao Arusha. Tawi likiona jambo la namna hiyo, lisingoje. Lilete habari kwa katibu mapema, na maandishi yote yawepo.

Jumuiya tunaihitaji, kwa maana waajiri wakubwa wa siku hizi hawaishii mpakani. Mwenye shamba la chai katika nchi moja anaweza kuwa na kiwanda katika nchi ya pili na akaunti katika nchi ya tatu. Lakini Jumuiya itakayotudumu ni ile ambayo siku ya njaa itakula nasi sahani moja. Kuidai iwe hivyo ni kazi ya chama, na ianze sasa, kabla ya dhiki nyingine.

Umoja ni nguvu.